Tupeni Ratiba, Kanda Tumesamehe

Barua ya wazi kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu wa redio na televisheni ya taifa (RTNC) mjini Kinshasa, kwa wakubwa wa kituo cha Lubumbashi, na kwa yeyote anayeshika ufunguo wa stoo ya makaratasi

Wakubwa wetu,

Mimi ni mwalimu wa Nyunzu, kwenye reli ya Kabalo na Kalemie. Ombi langu ni moja na nitalitamka mapema: toeni hadharani ratiba za vipindi vya zamani. Nasema zile karatasi zilizopigwa chapa kila siku kabla ya matangazo, zikionyesha saa gani kinaingia kipindi gani, kinachukua dakika ngapi, na kiko kwenye kanda ipi. Za Télé-Zaïre, za OZRT tangu 1981, mpaka zile za miezi ya kwanza ya RTNC mwaka 1997. Sisi tunaozitafuta tulikuwa watoto enzi hizo, na tuna vipindi vya watoto tunavyovikumbuka nusu nusu, ambavyo hakuna mwingine duniani awezaye kututajia majina yake isipokuwa ninyi.

Kanda zenyewe siziombi. Najua kanda hufa. Zile pana za inchi 2 zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilifuta cha jana ili kurekodia cha leo. Zilizopona kufutwa zikapambana na joto, unyevu na kuvu. London penyewe BBC ilifuta kanda zake kiasi kwamba vipindi zaidi ya 90 vya Doctor Who vya miaka ya 1960 vikatoweka. Mwaka 2013 vipindi 9 kati ya hivyo vikapatikana, na havikupatikana Uingereza: vilikuwa Jos, Nigeria, kwenye stoo ya kituo kidogo cha kurushia matangazo, mahali ambapo hakuna aliyejali kufuta. Kwa hiyo sitawalaumu kwa kanda. Karatasi ni jambo jingine. Karatasi haihitaji mashine ya kuisomea, wala haiandikwi mara ya pili juu ya maandishi ya kwanza.

Mtauliza: watu wa Nyunzu na televisheni ya Zaire, wapi na wapi? Wengi wetu hatukuitazamia hapa. Tuliitazamia Lubumbashi, kwenye kambi za wafanyakazi wa reli na za Gécamines, tukiwa tumekaa chini kwenye saruji ya jirani mwenye poste ya televisheni, tukiambiwa tusiguse na tusinuke miguu. Kisha ukaja uporaji wa Oktoba 1991. Ikaja miaka ya 1992 na 1993, watu wakafukuzana kwa kabila. Mishahara ikakauka, treni zikawa za kubahatisha, wazazi wakarudi walikotoka na sisi nyuma yao na mizigo kichwani. Poste hazikurudi nasi. Tulirudi na vipande: sura ya mtu, mlio wa filimbi, rangi ya paa la nyumba fulani iliyochorwa, mtoto fulani anayelia.

Vipande hivi tunavijadili jioni kwa ukali ambao siasa za jimbo hazijawahi kuupata. Niwape mifano, mwone kazi yenyewe ilivyo.

Fundi baiskeli wetu aliapa kwamba aliona katuni ya nyuki anayeendesha roboti lenye pembe. Tulimcheka sana. Halafu tukakaa kufikiri. Roboti lenye pembe kubwa za dhahabu, linalotoka ndani ya kisahani kinachoruka, haliwezi kuwa jingine: ni Goldorak, kazi ya Mjapani Go Nagai, iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 1975 na ikafika Ufaransa Julai 1978, ambako watoto walishikwa wazimu. Nyuki ni Maya, naye katuni yake ni ya Japani ya 1975, ingawa asili yake ni kitabu cha Mjerumani Waldemar Bonsels cha mwaka 1912. Nyuki rubani hakuwahi kuwapo. Lakini msiache kuona ushahidi uliomo ndani ya kosa la fundi. Kichwa cha mtoto hushona pamoja vitu vilivyofuatana. Nyuki na roboti wakishikana hivyo, yaelekea walikuwa wa alasiri moja, huyu akitoka yule akiingia. Hilo ni dai ambalo karatasi yenu moja ingelisimamisha au kulivunja.

Mama mmoja muuza samaki anakumbuka mzee mwenye ndevu, mtoto, nyani aliyevaa koti, mbwa watatu, na pamba nyingi sana iliyoanguka kutoka juu mpaka yule mzee akafia ndani yake. Pamba kwetu ni jambo zito: babu zetu waliilima kwa kulazimishwa enzi za Wabelgiji, na aliyepungukiwa kilo alijua kitakachompata. Mama yule alikua akiamini kwamba mzee wa kwenye poste aliuawa na mavuno. Ilikuwa theluji. Hadithi ni Rémi, kutoka kitabu cha Mfaransa Hector Malot cha mwaka 1878, ambacho Wajapani walikifanya katuni mwaka 1977. Mzee ni Vitalis, nyani ni Joli-Cœur. Nilipompa majina hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba maelezo yake yeye yalikuwa na maana zaidi. Sikumbishia.

Kuna mzee wetu anayeshikilia kwamba aliiona televisheni misheni kabla ya uhuru, watu wawili wachekeshaji, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Hesabu haikubali. Uhuru ni Juni 1960, na televisheni ya taifa ilianza Kinshasa Novemba 1966. Lakini mzee hasemi uongo. Wale wawili ni Matamata na Pilipili, waliochezeshwa na Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut huko Luluabourg, Kananga ya leo, katika miaka ya 1950. Zilikuwa filamu fupi za kuchekesha zilizozungushwa misheni kwa misheni, shuka nyeupe ikitundikwa ukutani na watu wakijaa uani. Miaka hiyohiyo mapadri wa Léopoldville walimtengenezea Mboloko, yule paa mdogo mjanja wa hadithi, katuni zake. Mzee aliona cinema, na baadaye neno jipya lilipofika akaliweka juu ya kumbukumbu ya zamani.

Mama mwingine, mfanyabiashara aliyekulia Nairobi, alituletea Wazungu waliovaa midoli mikubwa kuliko milango, wakikimbia na ndoo za maji kwenye sabuni, wakianguka, na umati ukishangilia. Huyo hakutusumbua hata dakika moja. Ni Telematch, ya Ujerumani, iliyosambazwa na shirika la TransTel la Cologne kwa vituo vya nchi nyingi, Sauti ya Kenya ikiwamo kabla haijawa KBC mwaka 1989. Wakenya wa rika lake wanaikumbuka pamoja na Football Made in Germany, na ukiitaja kwa mmoja, kumi wanaitikia.

Sasa angalieni kitu, wakubwa. Goldorak tumeipata, kwa sababu Wajapani na Wafaransa waliandika kila kitu. Rémi vivyo hivyo. Matamata na Pilipili wanajulikana kwa sababu filamu za wamisionari zilitunzwa Ubelgiji, na miaka ya 1990 Tristan Bourlard akawatengenezea filamu ya kumbukumbu. Kila kilichotoka nje tunaweza kukipata, hata kwa mtu aliyeko Nyunzu mwenye simu ya kuazima na mtandao wa kuotea juu ya kichuguu. Kilichotengenezwa hapa nyumbani, na watu wetu, kwa lugha zetu, hicho ndicho kimegoma.

Nitakieleza kile kinachonikosesha usingizi mimi. Ni kipindi cha studio, nina hakika ni cha Lubumbashi, kwa kuwa mama aliyekiongoza alisema Kiswahili cha kwetu kabisa, akichanganya na Kifaransa bila kuomba radhi. Alivaa kikwembe cha kijani. Nyuma yake palikuwa na ubao uliochorwa jua lenye macho. Watoto walipangwa mistari miwili, wafupi mbele, na kila mmoja alikuja katikati kusema shairi, kuimba au kutega kitendawili. Aliyeshindwa kukijibu alimpa mwenzake mji, kama tulivyofanya jikoni kwa bibi. Kuna mvulana alisahau shairi lake. Alisimama, akatazama kamera, na yule mama hakumsaidia wala hakumwondoa, alimngoja. Kamera nayo ikangoja. Naambiwa siku hizi hakuna kituo kinachoweza kuvumilia ukimya wa namna ile. Kipindi kiliitwaje? Mama yule alikuwa nani? Kilidumu miaka mingapi? Wenzangu watatu wanakikumbuka, na kila mmoja ana jina lake la kukiita.

Kuna mtego mwingine hapa, na ninauweka wazi ili msije mkadhani hatuujui. Mengi tuliyoyaita vipindi vya watoto hayakuwa vya watoto. Yalikuwa animation politique: watoto wa shule wamevaa sare, wanacheza kwa mistari, wanamsifu Mwongozi. Tulidhani ni ya kwetu kwa sababu waliocheza walikuwa wa umri wetu. Na mara baada yake, kabla ya habari, uso wa Mobutu ukashuka kutoka mawinguni, na hapo ndipo tulipofukuzwa tukale bukari. Kwa hiyo anayesema kipindi chake kilifuatwa na mawingu ametupa tarehe bila kujua: hakivuki mbali na 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Ndivyo tunavyofanya kazi hii, kwa kubahatisha kutoka pembeni. Tunauliza: bendera gani? Sarafu gani? Baba alikuwa bado analipwa? Dada alikuwa ameolewa?

Huenda kipindi cha mama wa kikwembe cha kijani kilifutwa wiki hiyohiyo. Sawa. Lakini palikuwa na karatasi iliyosema saa, jina, na mtangazaji. Karatasi hiyo ikiwapo, mama yule atakuwa na jina.

Msiseme kwamba michezo ya nyumbani haikuwa na thamani ya kutunzwa. Mnamjua Mufwankolo. Lubumbashi nzima ilisimama kwa kundi lake la maigizo, watoto kwa wakubwa, na Kiswahili chake ndicho tulichokisema uani. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alikuwapo mjini wakati kundi lilipokuwa linatunga mchezo kuhusu madaraka, akarekodi mazoezi, akaandika maneno yote jinsi yalivyotamkwa, na mwaka 1990 yakatoka kitabuni Marekani. Mchezo huo mmoja unasomeka leo neno kwa neno. Na ile mingine, ya miaka na miaka, iliyorushwa wakati hakuna mgeni mwenye kinasa sauti? Sioni kwa nini kitu cha Lubumbashi kisubiri bahati ya mpita njia ili kiwe na tarehe.

Ninajua litakalosemwa. Jimbo letu la Tanganyika lina barabara zisizopitika, lina walimu wasiolipwa, na huku kwetu vita vya Watwa na Waluba tangu 2013 vimechoma vijiji na kuwasukuma watu kambini Kalemie. Na huyu mwalimu analilia katuni. Nijibu kwa jambo la kawaida la hapa. Mara nyingi naombwa na watu niwaandikie barua za kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kusimama badala ya cheti cha kuzaliwa. Swali la kwanza ni mwaka. Watu wengi hawana mwaka. Karatasi zilibaki kwenye nyumba iliyoungua, kama ziliwahi kuwapo, na kwenye kadi ya mpigakura mtu ameandikiwa mwaka ambao karani alimkadiria usoni. Kwa hiyo tunatafuta kamba ya kushikia. Wazee wanasema: alizaliwa vita vya siku 80, nami naandika 1977. Alizaliwa wakati wa vita vya Kolwezi, 1978. Alikuwa ameanza kutembea vita vya Moba vilipoingia, basi ni kabla ya Novemba 1984. Angalieni kalenda yetu: vita, vita, vita, kisha uporaji.

Sasa mwanamke mmoja aliniambia kwamba alianza shule ya msingi mwaka ule ule katuni fulani ilipoanza, kwa kuwa alilia kukosa sehemu zake za kwanza. Kumbukumbu safi kabisa, ya mtu mwenye akili timamu, tena ya furaha. Haikunisaidia kitu, kwa sababu hakuna pa kuangalia kwamba katuni ile ilianza kuonyeshwa Zaire mwaka gani. Mwaka wa Ufaransa haunifai. Filamu ilichukua muda wake kufika kwetu, na iliporushwa Kinshasa si lazima Lubumbashi irushe siku hiyo. Jaji angeipokea karatasi yenu? Labda asingeipokea. Mimi ningeipokea, na yule mama angeipokea, na angalau angejua ana miaka mingapi.

Jambo ninaloomba limekwisha kufanywa kwingine. Oktoba 2014 BBC, hao hao waliofuta kanda zao, waliwafungulia watu wote ratiba zilizochapishwa kwenye jarida lao la Radio Times tangu 1923 hadi 2009. Vipindi vyenyewe havikuwamo, ila orodha: siku, saa, jina, washiriki. Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 1992 ilivilazimisha vituo kukabidhi matangazo yahifadhiwe, na tangu 2006 taasisi yao ya hifadhi, INA, imewafungulia raia sehemu ya hazina hiyo. Sidai tufike huko kesho. Orodha ya BBC inanitosha kama mfano, kwa kuwa ni ya bei ya chini na haihitaji kanda hata moja kuwa hai.

Nawaona mkihesabu gharama, basi niipunguze. Hamhitaji jengo, mnalo Lingwala, refu kuliko mengi. Hamhitaji kompyuta za ajabu. Kijana mmoja mwenye simu nzuri, mchana wenye mwanga, na meza karibu na dirisha, anaweza kupiga picha rundo kubwa la karatasi kwa wiki. Kama Kinshasa hakuna kitu, Lubumbashi waangalie kabati zao. Kama ratiba zimeliwa na mchwa, tafuteni kwenye magazeti ya Elima, Salongo na Mjumbe, maana wahariri wa wakati ule walikuwa na kurasa za kujaza kila siku. Na msifanye peke yenu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanahistoria ambao tangu 2000, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi pamoja na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji ule, pamoja na vitu vyao vya nyumbani. Watu hao wanajua kuuliza, na wanajua kwamba kumbukumbu ya mtu bila karatasi huzunguka, na karatasi bila mtu hainyanyui mdomo.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa sauti ya chini kidogo kwa kuwa linahusu wafanyakazi wenu wa zamani. Wapo mafundi wa kamera, wapigaji mitambo, watangazaji wa vipindi vya watoto, ambao sasa wamestaafu au walistaafishwa bila neno. Hao ndio ratiba iliyo hai, na wanapungua. Waiteni kabla ya kufungua kabati. Mmoja wao anajua kwa nini ubao ulichorwa jua lenye macho na nani alilichora.

Watoto wetu wa leo hawatawaandikia barua kama hii. Wanatazama Ubongo Kids ya Dar es Salaam, inayotengenezwa kwa Kiswahili tangu 2014, kwenye simu, kutoka kadi za kumbukumbu zinazouzwa sokoni, na jina la kipindi limeandikwa kwenye faili. Tatizo hili ni la rika moja tu, na rika hilo lina mvi.

Mtakachokipata kitumeni kituo chenu cha Kalemie. Sisi tutakifuata, kwa treni ikiwapo, kwa pikipiki isipokuwapo. Na kama hamjui pa kuanzia, anzeni na Lubumbashi, Jumamosi alasiri, mwaka wa masomo wa 1986 na 1987, baina ya saa tisa na saa kumi na moja. Mkikuta jina la mwanamke mbele ya neno watoto, niandikieni jina hilo kwanza, mengine yafuate baadaye.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa sekondari, Nyunzu